Ni Nini Kilichoniponya Jicho?



Mwezi huu nawaandikia juu ya neno ambalo mwanzo wake ulikuwa mdogo kama punje ya choroko, lakini mwisho wake ulinihuzunisha sana. Swali letu ni hili: Mtu akitumia dawa, kisha akapona, je, ana haki ya kuwaambia watu, "Dawa hii imeniponya"? Wengi watajibu upesi, "Naam, kwa nini asiseme?" Mimi nami nilijibu hivyo zamani. Sasa nimejifunza kujibu polepole, nami nitawaeleza sababu yake.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikihudumu Kibiti, nilitokwa na uvimbe katika kope la juu la jicho la kuume. Watu wa pwani huuita ugonjwa huu chokea. Tulipokuwa watoto mama yetu alikuwa akisugua kidole chake kiganjani hata kikapata moto, akakiweka juu ya jicho la mwenye chokea, na baada ya siku chache ilikwisha. Lakini chokea hii haikwisha. Maumivu yalikoma, wekundu ukapungua, bali uvimbe mgumu ukabaki. Juma la tatu ulikuwapo, juma la sita ulikuwapo vile vile. Nilipofundisha watoto wa kipaimara niliona ya kuwa wananitazama jicho kuliko kulisikiliza somo.

Nikaenda zahanati. Mganga aliyekuwa zamu alinitazama kidogo tu, maana watu walikuwa wengi mlangoni. Akaniambia, "Mchungaji, kanda kwa kitambaa cha maji ya moto mara kadhaa kila siku. Usipopona, rudi tukupeleke kwa waganga wa macho." Neno hili lilikuwa dogo mno machoni pangu. Nilifanana na Naamani, aliyechukizwa kwa sababu nabii hakumwagiza jambo kubwa. Nalitaka dawa yenye jina.

Rafiki yangu mmoja akanipeleka Dar es Salaam kwa mtu auzaye dawa za homeopathia. Mtu huyo alinikaribisha kwa adabu, akaketi nami karibu saa nzima. Akaniuliza kama nalala vema, kama napenda joto au baridi, kama nina hasira niliyoificha moyoni. Hakuna mganga aliyepata kuniuliza hayo. Mwisho akanipa chupa ya vidonge vidogo vyeupe, vitamu kama sukari, iliyoandikwa Staphysagria, na hesabu ya 30 kando yake. Akanionya nisinywe kahawa, isije ikaiharibu dawa.

Nikavitumia. Lakini kwa kuwa sikutaka kulidharau kabisa neno la yule mganga wa zahanati, nikakanda pia kwa kitambaa cha moto asubuhi na jioni. Baada ya majuma matano uvimbe ukaisha. Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya usharika, nikaiinua ile chupa, nikasema ya kuwa Mungu ameniponya kwa vidonge hivi. Watu wakafurahi pamoja nami. Habari ya kitambaa sikuitaja.

Haukupita muda, akanijia mzee mmoja mvuvi kutoka visiwa vya delta. Hakuwa mtu wa dini yetu, lakini tulijuana kwa wema tangu siku nyingi. Habari zangu zilimfikia huko mikokoni, akapanda mtumbwi mpaka Nyamisati, na kutoka huko akaja kwa gari.

"Shikamoo, mzee wangu," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umepona jicho. Nitazame na mimi."

Uvimbe wake ulikuwa katika kope la chini. Ulikuwa umekwisha kupasuliwa mara moja, ukarudi mahali pale pale, na nywele za kope zilikuwa zimeanza kupukutika hapo. Ishara hizo zilikuwa wazi mbele yangu, nami sikujua maana yake. Nikampa vidonge vyangu vilivyobaki, nikamwelekeza kwa yule mwuzaji. Akaondoka akinishukuru.

Miezi minane ikapita. Kila alipoona hajapona, aliambiwa ya kuwa amekunywa kahawa. Na ni mzee gani wa pwani asiyekunywa kahawa barazani? Hata wanawe walipompeleka hospitali kubwa, waganga wakakata kipande cha uvimbe wakakipima, wakaona ni saratani ya tezi za kope. Ilikuwa imekwisha kuingia ndani. Ikawa sharti jicho liondolewe ili mwenyewe aokoke.

Nilipokwenda kumjulia hali nalikosa la kusema. Yeye ndiye aliyenituliza: "Mchungaji, mimi sikulaumu. Wewe ulipona kweli, nilikuona kwa macho yangu." Maneno hayo yaliniuma kuliko lawama. Kwa maana aliyoyaona yeye yalikuwa kweli. Niliyoyasema mimi ndiyo hayakuwa kweli.

Basi, ndugu zangu, tuangalie kosa liko wapi. Ndani ya kope la juu mna tezi ndogo thelathini hivi au zaidi, nazo hutoa mafuta ya kulainisha jicho ili machozi yasikauke upesi. Mlango wa tezi moja ukizibika, mafuta hujaa ndani, na nyama iliyo karibu huvimba. Huo ndio uvimbe mgumu ubakio baada ya chokea kupoa. Kitambaa cha moto, kikiwekwa kwa dakika 10 hata 15 mara kadhaa kila siku, huyalainisha mafuta yale hata yapate njia. Mara nyingi uvimbe wa namna hii huisha wenyewe, kwa majuma au kwa miezi. Usipoisha, mganga wa macho huweza kuukata kwa ndani ya kope, baada ya kupafisha ganzi mahali pale, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile.

Sasa fikirini. Katika majuma yale matano yalinipata mambo matatu kwa pamoja: siku zilipita, nilikanda kwa moto, tena nilimeza vidonge. Uvimbe ukaisha. Je, kwa haki gani naliwanyima siku na kitambaa sifa yao, nikavipa vidonge peke yake? Niliwapa watu shahidi mmoja, nikawaficha wawili. Katika Katekisimo tumefundishwa ya kuwa amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo. Twadhani yahusu baraza la hukumu na masengenyo tu. Mimi naliivunja nikiwa nimesimama kanisani, uso wangu ukiwa na furaha, na shukrani ikiwa kinywani mwangu.

Huenda mtu akauliza, "Wajuaje ya kuwa vidonge havikuwa na nguvu?" Swali hili ni la haki, nalo lataka jibu la haki. Homeopathia ilianzishwa na mganga Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mwaka 1755 katika mji wa Meissen. Mwaka 1790 alijaribu kula ganda la mti wa kwinini akiwa mzima, akaona dalili zilizofanana na homa. Ndipo akafikiri ya kuwa kitu kiletacho dalili kwa mtu mzima chaweza kuziondoa kwa mgonjwa. Mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya jambo hili, naye akafa Paris mwaka 1843. Tusimdharau. Katika siku zake waganga wengi waliwatoa wagonjwa damu nyingi na kuwapa zebaki, na wengi waliumizwa na tiba kuliko ugonjwa. Yeye aliyakataa hayo. Mgonjwa aliyepewa kidonge chake aliachwa apone kwa nguvu za mwili alizopewa na Muumba, na hiyo ilikuwa faida kubwa wakati ule.

Lakini tazameni jinsi dawa hizo zifanywavyo. Sehemu 1 ya dawa hutiwa katika sehemu 99 za maji au pombe, ikatikiswa. Kisha sehemu 1 ya mchanganyiko huo hutiwa tena katika sehemu 99, na kuendelea hivyo. Ile hesabu ya 30 iliyokuwa juu ya chupa yangu maana yake ni kwamba jambo hili lilifanywa mara 30. Baada ya mara ya 12 hivi hakuna tena tumaini la kupata hata chembe moja ya dawa ya kwanza. Ukidondosha tone moja la maji ya ndimu katika mto Rufiji, likachukuliwa hata baharini, likachanganyika sawasawa na bahari zote za dunia, bado mchanganyiko huo ungekuwa mkali kuliko dawa ya mara 30. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasitegemee homeopathia kwa malaria, kifua kikuu, UKIMWI na kuhara kwa watoto. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia, baada ya kupima ushahidi mwingi, likasema halikuona ugonjwa hata mmoja ambao kwa huo uko ushahidi wa kutegemewa kwamba dawa hizo zafaa.

Wengine husema, "Kama ni sukari tu, basi haina madhara, mwache mtu ajifariji." Neno hili lina nusu ya kweli. Kidonge chenyewe hakikumdhuru mzee wangu. Kilichomdhuru ni ile miezi minane, naye aliipoteza kwa sababu ya neno langu. Dawa isiyo kitu haidhuru wakati ugonjwa wenyewe si kitu. Lakini mgonjwa atajuaje, kabla ya kutazamwa na mwenye ujuzi, ya kuwa ugonjwa wake si kitu? Uvimbe wangu na uvimbe wake ulifanana machoni pa watu. Mmoja ulikuwa wa kuisha, na mwingine ulikuwa wa kuua.

Hapa Rufiji hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji yenye dawa, wakiamini ya kuwa risasi za Wadachi zitageuka kuwa maji. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na dhuluma ya kweli, walilazimishwa kulima pamba, na walitafuta nguvu ya kuwaunganisha. Kinjikitile akanyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule ule, lakini maji yake yakaendelea kuchukuliwa na wajumbe kutoka kabila hata kabila, na vita ikaendelea hata mwaka 1907. Wanahistoria wakadiria waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata kuwa 75,000, wengine wasema hata 300,000. Nawauliza neno moja tu: ni nani aliyeweza kuyashuhudia yale maji? Aliyerudi mzima kutoka vitani aliweza kusema, "Yamenilinda." Aliyepigwa risasi hakurudi kusema. Tena akianguka mtu, ilisemwa ya kuwa amevunja mwiko. Hivyo ushuhuda wa upande mmoja ulisikika kote, na ushuhuda wa upande wa pili ulizikwa. Nilipokumbuka habari ya kahawa ya mzee wangu, nikaona ni jambo lile lile.

Wala tusiseme ya kuwa hayo ni mambo ya kale, au ya watu wasiojua Injili. Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, huko Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu wenyewe, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu. Alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akisema ya kuwa nguvu yake yatoka kwa Mungu. Magari yalipangana kwa kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walikufa njiani wakingojea zamu. Na wengine waliacha vidonge vyao vya UKIMWI wakiamini wamepona. Babu alifariki mwaka 2021. Mimi simhukumu, maana moyo wa mtu aujua Mungu. Lakini nauliza juu yetu sisi tuliorudi tukishuhudia. Ni wangapi kati yetu waliongoja kupimwa kabla ya kusema, "Nimepona"? Na wale ambao hawakupona, ni nani aliyewapa nafasi ya kusema kanisani?

Mtu asinielewe vibaya, akasema Mchungaji adharau miti na mizizi ya nchi. Kwinini yenyewe ilitoka katika ganda la mti, na dawa tutumiazo leo kwa malaria zatoka katika mmea wa Uchina. Serikali yetu nayo ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, ili waganga hao waandikishwe na kuangaliwa. Mti si adui. Lakini jicho ni kitu chembamba. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1994, juu ya wagonjwa wa Tanzania waliokuwa na vidonda katika kioo cha jicho, karibu robo yao walikuwa wametia dawa za kienyeji machoni. Kwa hiyo nawasihi kina mama: msitie maji ya majani, wala maziwa, wala mkojo katika jicho la mtoto, hata kama jirani ashuhudia kwa kuapa.

Wengine watasema, "Basi, tumtegemee Mungu peke yake, tusiende kwa waganga." Luther alijibu neno hili mwaka 1527, siku za tauni, alipomwandikia mchungaji Johann Hess. Alifundisha ya kuwa mtu adharauye dawa aliyopewa na Mungu, akasema amtegemea Mungu, huyo amjaribu Mungu. Hezekia alimwomba Bwana, tena aliwekewa mkate wa tini juu ya jipu. Paulo alikuwa na Luka mganga safarini mwake. Kuomba na kukanda kwa kitambaa cha moto havigombani. Mungu aponyaye kwa siku na kwa joto la maji si mdogo kuliko Mungu aponyaye kwa chupa yenye jina la Kilatini. Mimi ndimi niliyeona haya kumshukuru kwa kitambaa, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kitu cha kila siku.

Sasa nalijibu swali letu. Mtu aliyepona ana haki ya kusema, "Nilikuwa mgonjwa, nilifanya hili na hili na hili, siku zikapita nyingi, nami leo ni mzima, namshukuru Mungu." Hayo yote ameyaona, nayo ni kweli. Lakini hana haki ya kusema, "Dawa hii imeniponya, nawe itakuponya," mpaka wenye ujuzi wawe wameipima kwa watu wengi, waliopona na wasiopona pia. Kati ya maneno haya mawili tofauti yaonekana ndogo, lakini jicho la mtu mmoja lilipotea humo.

Ninyi waalimu wa makanisa, watu huwajia ninyi kabla ya kwenda kwa mganga. Wapokeeni kama yule mwuzaji wa Dar es Salaam alivyonipokea mimi, kwa kuketi na kuwasikiliza. Katika hilo alitushinda wengi wetu. Kisha waelekezeni kwa kweli. Chokea ya siku chache ikandwe kwa kitambaa safi cha moto, wala isiminywe. Uvimbe usioisha baada ya mwezi utazamwe na mganga. Uvimbe urudio mahali pale pale, hasa kwa mzee, au unaopukutisha nywele za kope, ukatwe na kupimwa. Na mtoto mwenye kope lililovimba lote pamoja na homa, au jicho lililotokeza nje, au lisiloona vema, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni kwa mtumbwi usiku. Nauli ikikosekana, tuichange. Hiyo ni sadaka iliyo bora kuliko ushuhuda wangu wa siku ile.

Baada ya mzee kurudi nyumbani, nilisimama tena mbele ya usharika ule ule. Nikawaeleza habari yote: kitambaa, majuma, vidonge, na jicho la mzee. Wengine hawakupendezwa; mama mmoja aliniambia ya kuwa nimewapunguzia watu imani. Nalimjibu ya kuwa imani iliyokuwa juu ya chupa yangu ilistahili kupunguzwa, nayo imani iliyo juu ya Mungu haiogopi kuambiwa kweli.

Mzee wangu yu hai hata leo. Hutengeneza nyavu kwa jicho moja, na nikipita kwake hunikaribisha kahawa, nasi twainywa pamoja.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.